Simbu, Geay na ubishi wa getini

Nimepotea kidogo, utafiti umenibana na msimamizi wangu hana utani kabisa. Lakini leo sampuli ziko kwenye friji, umeme upo, na kuna jambo limenikaa kooni tangu ile Septemba ya 2025. Ni mambo ya riadha. Wale wa Simba na Yanga leo mtanisamehe, kaeni pembeni kidogo, zamu yenu itafika.

Ngoja nianzie usiku wenyewe. Jumatatu tarehe 15 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya riadha kule Tokyo, marathoni ya wanaume. Kwao ilianza saa moja na nusu asubuhi, kwetu ni saa saba na nusu usiku. Hapa chuoni Tengeru kipindi kile kumepoa, wengi wako likizo, tumebaki sisi wa masters tunaohesabu majani ya nyanya. Tulikuwa wanne. Mimi, mwenzangu wa chumba ambaye ni mtu wa Mbulu (kwa hiyo riadha kwake si burudani, ni ukoo), Mkenya mmoja wa darasa letu, na mzee wetu wa getini. Mzee kikazi hawezi kuacha lindo, basi sisi ndio tukahamia kwake na simu, mashuka mabegani, chupa ya chai ya tangawizi katikati. Mnaoijua baridi inayoshuka kutoka Meru usiku wa manane mnanielewa.

Ubishi ulianza hata kabla wakimbiaji hawajapangwa mstarini.

Mkenya: "Simbu amechoka bwana. Aprili alikuwa Boston, sasa hivi mnataka akimbie tena na joto la Tokyo? Atakata pumzi kilomita ya 30."

Mwenzangu wa chumba: "Hajachoka. Tatizo la hawa jamaa ni dola. Wakienda mbio za pesa wanapaa, wakivaa bendera miguu inakuwa mizito. Ona Paris!"

Mzee akanywa chai yake, akasema tu, "Nyie vijana mnaongea sana. Subirini."

Paris anayoisema ni Olimpiki ya 2024, ambako Alphonce Simbu alimaliza wa 17. Nakumbuka maneno yaliyosemwa hapa Arusha wiki ile. Kwenye daladala, saluni, sokoni, kila mtu ghafla kawa kocha. Eti kaisha, eti apishe damu changa. Mimi mwenyewe nilisema, sitajitoa.

Haya, mbio zikaanza, wakarudishwa kwa sababu kuna mtu alitoka kabla ya mlio. Marathoni jamani! Una kilomita 42 mbele yako unaharakia nini? Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wakaanza upya, na kwa masaa mawili sisi tukawa tunabishana, tunaangalia, bando linaliwa, tunabishana tena. Simbu yupo kundini, hasukumi, hajifichi. Kilomita ya 30 ikapita, hajakata pumzi. Mkenya akaanza kunyamaza kidogo kidogo.

Wakaingia uwanjani bado wanafukuzana. Mjerumani Amanal Petros mbele, Simbu nyuma yake, Mwitaliano Iliass Aouani anawafuata. Mstari wa mwisho Petros bado yuko mbele, na hapo ndipo picha ikaganda! Naapa. Kile kiduara kinazunguka katikati ya kioo, sisi wanne tumekiangalia kama wagonjwa. Iliporudi, Petros yuko chini na Simbu amesimama, na hakuna anayejua nani kashinda. Hata yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuwa na uhakika mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja. Wote wawili 2:09:48. Tofauti ni sehemu tatu za mia za sekunde. Ukipepesa jicho imeshapita, na bado unabaki na chenji.

Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, tangu yaanze mwaka 1983. Kabla ya hapo tulikuwa na fedha ya Christopher Isegwe, Helsinki 2005, na shaba ya huyu huyu Simbu, London 2017. Zote za marathoni. Ilikuwa saa kumi kasoro usiku, tukapiga kelele hadi mbwa wa Tengeru nzima wakaitikia.

Mzee hakupiga kelele. Alikaa kimya, halafu akasema, "Ikangaa alikosa kwa sekunde moja." Sisi tukamwangalia. Akatuhadithia Boston ya 1988, jinsi Juma Ikangaa alivyopigwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu, 2:08:43 kwa 2:08:44, na mwaka uliofuata akawa wa pili tena, na mwaka uliofuata wa pili tena. Mara tatu mfululizo. Katikati hapo, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa 2:08:01. Mzee alizifuata kwa redio. Mwenzangu wa chumba, mtu wa Mbulu huyo, hakujua habari ya ile sekunde moja. Aibu yake.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike.

Kesho yake nilikaa kimbwetani na karatasi. Mnajua ugonjwa wa mtu anayesoma takwimu, kila kitu anataka kukichora. Nikaandika marathoni nne za Simbu kuanzia Olimpiki. Paris tarehe 10 Agosti 2024, wa 17. Valencia tarehe 1 Desemba 2024, wa nne, kwa 2:04:38. Boston tarehe 21 Aprili 2025, wa pili, 2:05:04. Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, bingwa wa dunia. Kati ya Paris na Valencia ni wiki 16. Valencia mpaka Boston, wiki 20. Boston mpaka Tokyo, wiki 21. Yaani nafasi ya kupumzika na kujijenga inaongezeka, na nafasi anayomaliza inapanda. Nilifurahi nusu nikimbie kwa msimamizi na mchoro. Baadaye nikakumbuka angeniuliza, "Umepima mara nne tu halafu unaniletea hitimisho?"

Nikamwongeza Gabriel Geay. Mwaka 2022 Geay alikimbia Boston tarehe 18 Aprili, akawa wa nne. Tarehe 17 Julai akavaa bendera kwenye mashindano ya dunia kule Eugene, Marekani, akawa wa saba kwa 2:07:31. Hapo katikati hazijafika hata wiki 13 kamili. Halafu akapumzika wiki 20, akaenda Valencia tarehe 4 Desemba, akawa wa pili nyuma ya marehemu Kelvin Kiptum, kwa 2:03:00. Na Aprili 2023 akawa wa pili Boston, siku ile ile Eliud Kipchoge alipomaliza wa sita. Kwa hiyo mtu yule yule, miguu ile ile, mwaka ule ule, anaonekana "mzito" akivaa bendera na "anapaa" akifuata dola. Bendera haina uzito jamani. Tofauti iko kwenye kalenda.

Nikampelekea mwenzangu wa chumba hesabu zangu nikidhani nimemaliza kazi. Akaniuliza swali moja tu. "Na 2017?"

Nikanywea. Kwa sababu mwaka 2017 Simbu alishinda Mumbai tarehe 15 Januari, akakimbia London tarehe 23 Aprili akawa wa tano, halafu tarehe 6 Agosti akarudi London hiyo hiyo kwenye mashindano ya dunia akachukua shaba. Marathoni tatu ndani ya miezi saba! Kati ya ile ya pili na ya tatu ni wiki 15 tu. Kwa kanuni yangu ya kimbwetani alitakiwa azimie njiani.

Unaweza kusema alikuwa na miaka 25, damu inachemka. Sawa. Unaweza kusema pia kila mwili na mambo yake. Lakini nakubali, wiki peke yake hazitoshi kueleza. Wazee wa Kimeru hapa watakwambia mbuni wa kahawa ukizaa sana mwaka huu, mwaka unaofuata unapumzika, utake usitake. Ila hata wao watakwambia kuna mibuni vichaa inayozaa mfululizo. Huwezi kulima shamba zima kwa kutegemea hiyo.

Mkenya wetu naye ana lake. Huyu jamaa ni mpenzi wa tenisi, wa kwanza kumwona hapa Tengeru, analala na Alcaraz anaamka na Sinner. Akasema hii mijadala kwao ni ya kila siku. Mwaka huo huo wa 2025, baada ya Wimbledon, Alcaraz na Sinner wote waliruka mashindano ya Toronto. Mashabiki wakanung'unika, waliokata tiketi za Toronto walitaka kuwaona wakubwa. Tarehe 7 Septemba wakubwa wakakutana fainali ya US Open, Alcaraz akashinda. "Unaona?" akaniambia. "Ukiruka unafika."

Hapo nilimbishia. Mcheza tenisi akipoteza Jumanne, wiki inayofuata ana mashindano mengine. Akiruka Toronto amekosa wiki moja kati ya nyingi. Marathoni si bodaboda kwamba ukimshusha abiria huyu unapakia mwingine. Mkimbiaji wa juu kwa mwaka ana mbili, labda tatu, na kila moja inakula miezi ya mazoezi. Akiruka moja ameruka nusu ya mshahara wa mwaka. Ndiyo maana Wakenya wengi wakubwa wanaruka mashindano ya dunia yenyewe. Sabastian Sawe hakwenda Tokyo. Siku sita baadaye, tarehe 21 Septemba, alishinda Berlin kwa 2:02:16. Na Kenya kwenye marathoni ya wanaume Tokyo haikupata hata shaba. (Nilimkumbusha Mkenya hilo mara kadhaa kwa upole. Akanijibu kwamba siku moja kabla Peres Jepchirchir alibeba dhahabu ya wanawake, kwa hiyo ninyamaze. Nikanyamaza.)

Sasa tuongelee hizo dola, maana ndizo zinazowauma watu. Bingwa wa dunia Tokyo alipewa dola 70,000. Wa pili Boston mwaka huo huo alikuwa na dola 75,000. Soma tena taratibu. Simbu alipata zawadi kubwa zaidi kwa kuwa wa pili Boston kuliko kwa kuwa bingwa wa dunia! Tofauti ni dola 5,000, kwa bei ya dola ya kipindi kile ni kama milioni 12 za kwetu. Bado hujahesabu kwamba mbio kubwa za mijini zinawalipa wakali pesa ya mwaliko kabla hawajavaa viatu, na mashindano ya dunia hayana kitu hicho. Halafu mtu amekaa kijiweni Kwa Mrefu anasema "wanakimbilia dola". Wewe kazini kwako unakimbilia nini? Upepo?

Kwangu mimi cha ajabu ni kwamba bado anakwenda. Hakuna aliyemshikia fimbo. Angeweza kupumzika baada ya Boston, akachagua Berlin au Chicago, na sisi tusingejua tofauti mpaka siku ya marathoni, tukiuliza "Simbu yuko wapi?"

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na mnaotaka kunirushia mawe rusheni. Sisi mashabiki tunajua kubishana kuhusu fomu tu. Fulani yuko fiti, fulani kachuja. Tunaangalia siku moja tunatoa hukumu ya mwaka. Swali ambalo hatuulizi ni nani alipanga ule mwaka. Mkimbiaji anayeweza kusema "hii nakimbia, hii siendi" ana fomu hata akimaliza wa 17, kwa sababu anajua anaenda wapi. Mkimbiaji anayepangiwa na shida za nyumbani hana fomu hata akishinda leo. Na taifa likitaka medali lishughulike na ile mbio ambayo mtu anaiacha kwa ajili yetu. Zawadi baada ya medali tunajua kutoa, tena kwa mbwembwe, na picha uwanja wa ndege. Pesa ya kumwambia mtu mapema, Januari, "mwaka huu pumzika mbio ya Aprili, tutakufidia", hiyo ndiyo ngumu. Na kumwambia mapema kama yuko timu ya taifa au hayuko, na ya wapi. Mwaka 2022 Geay alikwenda Eugene tarehe 17 Julai, na Simbu alikwenda Jumuiya ya Madola, Birmingham, tarehe 30 Julai, akarudi na fedha nyuma ya Mganda Victor Kiplangat. Wakali wawili, mashindano mawili, wiki mbili katikati. Kila mtu akabeba moja. Mambo yakiwa na mpangilio hivyo mtu anajua mwaka wake.

Mzee wa getini nilipomwambia haya alinirudisha nyuma zaidi. "Mjukuu wangu, nyie mnaongelea wiki. Bayi alinyang'anywa mwaka mzima." Filbert Bayi, rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974, dakika 3 sekunde 32.2, alikimbia mbele mwanzo mwisho na John Walker wa New Zealand akimfukuza. Dunia nzima ikasubiri warudiane Montreal 1976. Tanzania ikajitoa pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu. Bayi alipata fedha yake Moscow 1980, kwenye kuruka viunzi na maji. Nikamuuliza mzee, kwa hiyo ilikuwa makosa kujitoa? Akasema hapana, ilikuwa sawa kabisa. "Lakini aliyelipa ni Bayi." Hapo sikuwa na la kuongeza, nikamwagia chai.

Sasa mtaniuliza, we unahesabu majani ya nyanya, hizi kelele zote za nini? Nitawaambia.

Bibi anayeniuzia maziwa hapa jirani ana mjukuu, kijana wa miaka 19. Kamaliza kidato cha nne, siku za soko anabeba mizigo Tengeru, na asubuhi anakimbia. Mi nilikuwa namwona tu, saa kumi na mbili kasoro, anapita kwenye mibuni kuelekea ziwa Duluti, halafu anatokea barabara kuu kwenda Usa River na kurudi. Anakimbia vizuri sana. Mwenzangu wa chumba, ambaye jicho lake kwa hili ni la urithi, alimwangalia mara moja akasema, "Huyu si wa kubeba viazi."

Siku hizi kila mji una marathoni yake. Sisemi ni vibaya, watu wanafanya mazoezi, wanachangia hospitali, sawa. Lakini kwa kijana kama huyu kila marathoni ni kibarua. Alikimbia wikendi tatu mfululizo. Ya kwanza nusu marathoni mkoa mwingine, akawa wa tatu, akapata bahasha, nauli ikala robo yake. Ya pili kilomita 10, akashinda, waandaaji wakamwambia pesa itatumwa kwenye simu wiki ijayo. Miezi mitatu ilipita hiyo wiki haijaja. Ya tatu alikimbia na maumivu kwenye muundi, akamaliza anachechemea.

Juzi akaja getini kututafuta. "Shikamoo babu," kwa mzee, halafu akanigeukia. "Kaka, nina swali." Jumamosi kulikuwa na mbio nyingine. Wa tatu anapewa laki moja, na watatu wa kwanza yeye anajiona yumo. Wiki moja baadaye kuna kocha mmoja mjini amemwita apimwe mita 10,000, na akionekana atachukuliwa kambini, na kutoka kambini ndiko vijana wanakopata njia ya jeshini. Simbu mwenyewe ni mwanajeshi, Ikangaa alikuwa mwanajeshi, kila kijana mkimbiaji hapa anaijua hiyo njia.

Nikamtolea hotuba yangu yote. Wiki 13, wiki 20, wiki 21, Valencia, Eugene. Nilikuwa naongea vizuri sana. Mkenya akaongezea ya Alcaraz. Nikamalizia, "Kwa hiyo Jumamosi usikimbie, pumzisha muundi."

Kijana alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sawa kaka. Hiyo laki ya Jumamosi atampa bibi nani?"

Jamani, kuna kimya halafu kuna kimya. Bibi paa lake la jikoni liling'olewa na upepo, mi mwenyewe nimeliona, nimeingia mle kuchukua maziwa maji yanachuruzika. Mimi ninayedai taifa lifidie mbio ambayo mtu anaiacha, nimesimama mbele ya mtu anayeombwa aache mbio, na mfukoni nina elfu kumi na mbili.

Aliyesema wa kwanza ni Mkenya, na kwa hilo namsamehe yote aliyowahi kusema kuhusu Simbu. "Tuko wanne. Ishirini na tano kila mtu." Mwenzangu wa chumba akaguna, akaenda chumbani, akarudi nayo. Mi nikakopa kwa huyo huyo. Mzee tulimkatalia, akakasirika kweli kweli, akasema yeye ndiye aliyeanza kumfuata Ikangaa sisi hatujazaliwa, tusimletee dharau kwenye geti lake. Akatoa.

Kijana alipokea kwa mikono miwili. Sikujua kama atapumzika kweli. Laki ipo mkononi na mbio bado zipo Jumamosi, ukijumlisha unapata mbili, na mi ningekuwa na miaka 19 na paa linavuja ningejumlisha.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa getini na kikombe, najifanya nasubiri maziwa. Hakupita mtu kwenye mibuni. Saa moja hivi bibi akaja na dumu lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Lita ngapi leo?"

"Moja tu. Mjukuu yuko wapi?"

"Amelala," akasema, anamimina, ameudhika. "Jua lote hili. Sijui anaumwa."